Mgeni Katika Duka la Mama Chapa

Vidole vya Mama Chapa vilijulikana kuliko yeye mwenyewe. Watu wasiowahi kumsalimia walijua kwamba katika barabara ile ya maduka, karibu na kona, yuko mwanamke anayechapa huku anakutazama usoni, anakuuliza hali ya wanao, na bado hakosei hata koma. Alianza na taipureta nzito aliyoinunua kwa karani mstaafu, mashine iliyolia kengele kila mstari ulipokwisha kana kwamba inamshukuru. Kwa mashine ile alichapa barua za kuomba kazi, hotuba za kuaga wastaafu, mikataba ya vyumba vya kupanga. Kompyuta zilipoingia, wachapaji wenzake walifunga milango yao wakilaumu zama. Yeye aliuza taipureta, akajinyima, akanunua kompyuta moja, kisha nyingine, mpaka chumba kikajaa ngurumo za feni ndogo.

Duka lilikuwa lake. Mumewe mwenyewe alipenda kulisema hilo mbele ya watu. "Mimi mwalimu wa hesabu tu," angesema, "tajiri ni huyu hapa." Na Mama Chapa angeinamisha kichwa kuficha meno.

Mwalimu, kama alivyomwita hata wakiwa wawili, alikuwa mtu wa kushika jambo kwa mikono miwili. Akiamini kitu, hakiachi mpaka kimwangushe. Shuleni walimruka kwenye ukuu wa shule, wakampa kijana ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumfundisha kugawanya, wakamruka tena, mwishowe akaomba kustaafu kabla ya wakati, akarudi nyumbani na kikombe chake cha chai na chaki zilizobaki mfukoni. Tangu siku hiyo alitembea kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Mkewe aliomba kimyakimya apate kitu cha kushika.

Akakipata. Kilikuwa mfumo mpya wa kompyuta.

Kila kompyuta ina mfumo unaoiamsha, unaoiambia huyu ni kibodi, yule ni printa, kabla programu nyingine hazijafumbua macho. Mfumo uliokuwa ukitumika kila ofisi ulikuwa wa kulipiwa, na kwa kuwa bei yake haikushikika, karibu kila duka la barabara ile lilitumia nakala za kuibia. Nakala hizo ziliingia na virusi vyake, kama godoro la kuokota linavyoingia na kunguni. Huu mpya ulikuwa wa bure. Waliutengeneza watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, wasioonana, na mtumiaji yeyote akiona kasoro aliweza kuwaandikia nao wakairekebisha.

"Fikiria," Mwalimu alimwambia mkewe, macho yakimwaka kama ya mvulana, "mtu kama mimi, hapa nilipo, namwandikia mtu nisiyemjua, naye ananijibu kwa jina langu. Hawaulizi cheo. Wanauliza tu: kasoro iko wapi?"

Ng'ambo ya barabara alikuwako mdogo wake Mwalimu, naye ana duka la kuchapa na kunakili. Alikuwa mtu wa maneno mengi na tumbo la kutangulia, na kwa Mama Chapa alikuwa shemeji wa utani, wa kuvutana maneno asubuhi hata kabla ya salamu. Aliposikia habari za mfumo mpya alivuka barabara kuja kuutazama.

"Kaka, huyu umemleta nani?"

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Mwalimu akajibu.

"Huyu mgeni mbona hana mzigo? Mgeni asiye na mzigo ama ni mtume ama ni mwizi."

"Mwizi ni huyo uliyenaye wewe dukani. Umemwiba, na yeye anakuibia."

"Basi tumeshazoeana, kaka. Wezi wawili nyumba moja, hakuna mashitaka."

Walicheka wote watatu. Jina likashika: mfumo ukaitwa Mgeni, na kabla ya mvua kwisha Mwalimu akawa Baba Mgeni barabara nzima.

Mama Chapa hakuona ubaya. Aliona mumewe ameanza kupiga pasi mashati yake tena. Alipokwenda kumuuguza dada yake kwa siku chache alimwachia ufunguo wa duka, na aliporudi alimkuta amesimama mlangoni, mikono nyuma, kama bwana harusi. Kompyuta zote zilikuwa zinawaka rangi ngeni.

"Zote?" aliuliza.

"Zote."

"Hata ya mlangoni, ninayochapia mimi?"

"Hasa hiyo. Ilikuwa na magonjwa kuliko wodi."

"Na kazi za watu?"

"Zimo. Hakuna herufi iliyopotea, nimezikagua mwenyewe."

"Ungeniuliza, Mwalimu."

"Nilitaka nikufurahishe." Alisema hivyo kwa sauti ndogo, na yale mabega yaliyokuwa yamenyooka yakaanza kushuka. Mama Chapa aliyaona yakishuka. Akaweka mkoba chini upesi, akakaa kwenye kiti chake, akaweka vidole juu ya kibodi.

"Umenifurahisha," alisema.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Haki isemwe: Mgeni hakuwa mbaya. Virusi vilikoma. Mashine kuukuu zikapata pumzi. Barua ya kawaida iliingia na kutoka bila shida. Taabu ilikuwa kwamba dunia yote ya nje ilibaki na mwenyeji, mfumo ule wa zamani. Mteja aliyechapiwa kwa Mgeni akiipeleka flashi yake ofisini, kazi ilifunguka huko imevaa nguo za mtu mwingine: jedwali limekimbilia ukurasa wa pili, namba za kurasa zimeanza upya katikati, na mahali pa alama za hesabu, mizizi na sehemu, vimejipanga visanduku vidogo vyeusi.

Wa kwanza kurudi alikuwa mwanafunzi wa ualimu, na utafiti wake chini ya kwapa. "Mama, msimamizi wangu kanirudishia. Anauliza hivi visanduku ndiyo matokeo?"

Mama Chapa aliomba radhi, akamkalisha, akajaribu kila njia aliyoijua. Visanduku havikuondoka. Mwalimu alikuwa amekwenda kufundisha watoto wa masomo ya ziada. Mama Chapa akachukua flashi ya yule binti, akaichomeka ndani ya kitambaa cha kichwani, akavuka barabara.

"Karibu, shemeji," mdogo wa mumewe alisema bila kuinua macho. "Mgeni kamfukuza mwenye nyumba?"

"Nyamaza, nipishe kiti."

"Kiti ni cha wateja."

"Basi mimi mteja. Toka."

Alitoka. Alisimama nyuma yake akitafuna kijiti cha meno, akamtazama anavyorudisha kila jedwali mahali pake, anavyoandika upya kila mzizi na kila sehemu. Alipomaliza na printa ikatema ukurasa wa mwisho, shemeji hakutania tena. "Kaka anajua?"

"Na hatajua. Umesikia?"

"Mimi? Mdomo wangu ni kaburi."

"Kaburi lenye redio," alisema Mama Chapa, akaondoka na karatasi zikiwa bado moto.

Tangu hapo ikawa ndiyo njia yake. Kazi nyepesi alizifanya dukani kwake. Kazi zenye majedwali, zenye hesabu, zenye mihuri ya ofisi kubwa, zilivuka barabara ndani ya kitambaa. Alizisahihisha kwa mwenyeji, akazichapa huko, akarudi nazo. Wateja walimsifia Mgeni, hawajui sifa hizo zinapikwa jikoni kwa jirani.

Na kila mchana Mwalimu alikuja na chakula. Alikipika mwenyewe sasa, akakifunga kwa taulo kisipoe, akamkalisha mkewe kwenye kiti cha nyuma ale. Naye akikaa mbele yake, magoti yamegusana na ya mkewe, akamuuliza swali moja lile lile.

"Leo imekusumbua wapi?"

Alimaanisha. Ndiyo iliyokuwa kazi yake kubwa: kukusanya kasoro, kuwaandikia watengenezaji. Katika nchi nzima, alivyojua yeye, hapakuwa na mwingine aliyewaandikia kwa uaminifu hivyo. Wao walikuwa wakingoja, mahali fulani, mtu awaambie juu ya visanduku. Na mtu pekee aliyevijua visanduku vile kimoja kimoja, aliyejua vinazaliwa lini, katika faili ya namna gani, baada ya kubonyeza nini, alikuwa mwanamke aliyekaa mbele yake na kijiko mkononi.

"Haijanisumbua," angejibu.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Chakula kitamu, umeweka nini?"

Angefanyaje? Aliyatazama yale mabega. Alikumbuka kikombe cha chai na chaki mfukoni. Alijiambia: wiki hii apumzike, nitamwambia wiki ijayo. Wiki ikazaa wiki, na uongo, kama mtoto wa kulelewa, ukazoea nyumba, ukajua maji yako wapi, ukawa hauwezi tena kufukuzwa bila majirani kusikia.

Sasa Mwalimu akaanza kualikwa. Kwanza shule jirani, halafu kikao cha walimu wa kompyuta. Huko kote aliutaja ushahidi wake mmoja: "Duka la mke wangu. Kazi ngumu za ofisi, mwaka mzima, na hakuna siku hata moja ya taabu." Ndipo Mkuu wa Chuo cha Ualimu, mama mrefu mwenye miwani ya mnyororo, akasema atakuja kujionea. Chuo chake kilikuwa kimeonywa juu ya nakala za wizi, na hakikuwa na uwezo wa kununua halali.

Alikuja asubuhi. Mwalimu alikuwa amefagia duka mwenyewe, akafuta hata miguu ya viti. Shemeji alijisogeza mpaka kwenye ukingo wa barabara, mikono kiunoni, kama mtu anayengoja mechi ianze.

Mkuu wa Chuo alizitazama mashine, akasikiliza maelezo ya Mwalimu, akatingisha kichwa kwa adabu. Kisha akavua miwani.

"Mwalimu, umesema vizuri. Lakini wewe ni mhubiri, na mhubiri hatumuulizi kama pepo ipo. Naomba nimuulize huyu anayefanya kazi." Akamgeukia Mama Chapa. "Mama, mimi na wewe ni wanawake wa kazi. Mitihani yetu ina hesabu, ina majedwali, inakwenda makao makuu. Nikiwaondolea watu wangu mfumo wa zamani, nitalala usingizi?"

Feni ziliendelea kunguruma. Mama Chapa alimwona shemeji yake kupitia mlangoni, akimtingishia kichwa polepole, upande kwa upande: usiseme. Alimwona mumewe, na mumewe hakuwa na wasiwasi wowote. Hicho ndicho kilichomvunja. Alikuwa amesimama ametulia kabisa, kama mtu anayesubiri kusomewa jibu la swali alilolikokotoa mwenyewe. Angesema ukweli, mwanaume yule angejua kwa mara moja, mbele ya mgeni wa heshima, kwamba mfumo una kasoro na kwamba mkewe amemchezea mwaka mzima.

"Utalala," alisema. "Mimi haujanisumbua hata siku moja."

Mkuu wa Chuo alivaa miwani yake. "Hilo nilitaka kusikia."

Shemeji alitema kijiti chake cha meno barabarani, akaingia ndani kwake.

Chuo kilibadilisha mashine zote, na Mwalimu ndiye aliyesimamia, na kwa majuma hayo alikuwa mtu aliyepona. Aliitwa mkufunzi. Alipewa meza. Mama Chapa alijaribu, mara moja, kusema kitu njiani. "Mwalimu, ile mitihani yenye hesabu, waikague kwanza huko makao makuu..." Naye akamshika mkono, akacheka. "Sasa unaogopa wewe? Wewe uliyenishuhudia?"

Mitihani ikatumwa. Makao makuu wakaifungua, wakaikagua juujuu, wakaipiga chapa, wakaifunga kwa lakiri. Siku ya mtihani wa hesabu watahiniwa walifungua karatasi, wakakuta visanduku. Swali la kwanza: tafuta thamani ya kisanduku, ikiwa kisanduku juu ya kisanduku ni sawa na saba. Wengine walicheka. Binti mmoja alilia kwa sauti mpaka akatolewa nje. Mtihani ukafutwa, wanafunzi wakaambiwa warudi mwaka unaofuata, na wapo ambao hawakurudi kabisa, kwa kuwa kwao mwaka mmoja ulikuwa ndiyo nafasi yote.

Kwenye kikao cha chuo Mwalimu alisimama kujitetea. Alisema kosa liko makao makuu. Alisema kasoro ya namna hiyo haipo, kwani ingekuwapo mke wake angeiona. Alisema hivyo mara kadhaa, kila mara kwa sauti ya juu zaidi. Na shemeji, aliyekuwa ameitwa kurudisha mfumo wa zamani, akashindwa kuvumilia kumwona ndugu yake akijivua nguo mbele za watu.

"Kaka, kaa chini," alisema. "Inatosha. Shemeji kazi hizo huzichapia kwangu. Tangu mwanzo."

Mwalimu alikaa chini.

Alifika dukani mchana, bila chakula. Mama Chapa alikuwa na mteja. Mwalimu akamwomba mteja awapishe. Hakuna aliyepaza sauti. Barabara ilisikia ugomvi mwingi mwaka ule, huo haikuusikia.

"Ulijua visanduku."

"Nilijua."

"Na majedwali."

"Na majedwali. Na namba za kurasa. Na printa inavyolala ukichapa bahasha. Na faili ndefu inavyofunga mlango yenyewe ukiihifadhi mara mbili kwa haraka." Vilimtoka vyote, vimepangwa, kwa maneno yale yale ambayo angeyatumia mtu anayewaandikia watengenezaji. Alishangaa mwenyewe jinsi alivyovijua vizuri. Alipomaliza alisema, "Sikutaka kukuona tena kama ulivyokuwa ulipotoka shuleni."

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyowasikiliza wanafunzi wake.

"Wale walikuwa wananijibu," alisema. "Ningewaandikia hili, wangelirekebisha. Wangelirekebisha, mwenzangu. Nilikuwa na watu duniani wa kuniuliza kitu kimoja tu, nami nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumuuliza."

"Nilikuhurumia."

"Shuleni pia walinihurumia. Ndiyo maana hawakunipa shule."

Visanduku vilirekebishwa, hatimaye. Mtu wa nchi nyingine, mhasibu wa kiwanda, ndiye aliyewaandikia watengenezaji, na toleo lililofuata likatoka limenyooka. Likatoka wakati chuo kimekwisha kuapa kutomruhusu Mgeni kuvuka geti. Wateja wa Mama Chapa walihamia ng'ambo mmoja mmoja, kwa aibu, kama watu wanaotoka kwenye matanga kabla ya wakati. Haukupita msimu akafunga mlango na kuuza mashine. Naye alivuka barabara akawa mchapaji wa shemeji, kwenye kile kile kiti, na sasa hapakuwa na haja ya kuficha chochote kichwani.

Mwalimu alipata kibarua cha kufundisha hesabu katika mji mwingine, kwenye shule isiyo na kompyuta. Hakumwacha mkewe kwa maneno. Alikunja mashati yake, akampa ufunguo wa nyumba mkononi, akasema atapiga simu. Alimpigia mdogo wake.

Simu hizo zilikuja dukani, na shemeji akizipokelea nje, karibu na mtaro, kisha akirudi na ujumbe. "Kaka anakusalimu. Anauliza hujambo?" Na Mama Chapa, bila kuinua macho kutoka kwenye kibodi, angejibu, "Mwambie sijambo."

Siku moja jibu hilo lilifika mdomoni likakataa kutoka. Aliondoa vidole kwenye kibodi.

"Ameshakata?"

"Yupo, anangoja."

"Mwambie paa la chumbani linavuja upande wake wa kitanda. Mwambie mkono wa kulia unakufa ganzi asubuhi, siwezi kushika kikombe. Mwambie watu wananipa pole nami naitikia, lakini nyumba imenishinda."

Shemeji alimtazama. "Yote hayo niyaseme kwenye simu?"

"Yote. Kwa mpango huo huo."

Akatoka. Kupitia mlango Mama Chapa alimwona akisema, mgongo umegeuka, mkono ukipunga hewani, akamwona akisikiliza, akamwona akisema tena kitu kifupi, halafu akiishusha simu na kuitazama kwa muda kabla ya kuitia mfukoni. Alikaa nje kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Aliporudi alianza kupanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

"Amesemaje?"

"Ilikatika," alisema shemeji. "Mtandao wa huko kwao si mzuri. Nadhani alitaka kusema pole."

Alikuwa mtu wa mizaha maisha yake yote, na hakuwahi kuongea naye kwa upole kiasi kile. Mama Chapa aliisikiliza sauti ile mpaka ikaisha, akaitambua kuwa ndiyo ile aliyomjibia Mwalimu kila mchana, akamwambia ahsante.